Kamanda aliyeshinda mara mbili, akasita mara ya tatu



Ndugu zangu wa Kirumba na popote mlipo, sisi wa kando ya ziwa tumezoea kudhani vita vya manowari ni habari za baharini. Sivyo. Julai 1916 Mwanza hii iliwatoka Wajerumani kwa jeshi la Waingereza lililoshushwa ufukweni na meli za ziwani. Lakini leo twendeni ziwa la jirani, Tanganyika, tumtazame mtu mmoja aitwaye Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza angali kijana mdogo. Miaka ikapita hana sifa ya maana. Novemba 1914 manowari Niger, iliyokuwa chini yake, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani huku yeye yuko nchi kavu.

Mwaka 1915 mwindaji John Lee akapeleka shauri London: Wajerumani wanatawala Ziwa Tanganyika, basi zipelekwe boti ndogo zenye kasi kupitia Kongo. Kazi akapewa Spicer-Simson. Boti mbili, kila moja kama mita 12, akaziita Mimi na Toutou. (Hiyo "Mimi" si mimi na wewe. Ni neno la watoto wa Kifaransa la kumwita paka.)

Kutoka Cape Town zilipanda treni, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Hapa nataka mtulie kidogo. Barabara ile ilichongwa na Waafrika, madaraja zaidi ya mia moja wakajenga wao, na mashine zilipokaukiwa ni akina mama waliobeba maji vichwani kuzinywesha. Nishani hazikuwafikia. Hata Lee mwenye wazo aliondolewa njiani.

Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou zikaiteka Kingani. Vita havikufika robo saa, na nahodha Mjerumani akafa. Meli ikakarabatiwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ikatumika kuizamisha Hedwig von Wissmann. Wenyeji wa Lukuga, ambayo leo ni Kalemie, walimshangaa kamanda huyu aliyevaa sketi na kujaa michoro mwilini. Yeye akavimba kichwa.

Kesho yake ikatokea Graf von Götzen, meli ya zaidi ya tani elfu moja yenye mzinga mkubwa. Vijana wake wakataka kuifuata, akakataa. Kwa hilo mimi simlaumu. Boti za mbao kuikabili meli ile mchana kweupe ni kuua watu bure.

Kasanga ndiko ninakomlaumu. Juni 1916 jeshi la nchi kavu liliizingira ngome ya Wajerumani, naye kazi yake ilikuwa kuziba njia ya maji. Akaona mizinga juu ya ngome, akageuza boti. Wajerumani wakatoroka kwa majahazi na mitumbwi. Ngome ilipoingiwa, ile mizinga ikakutwa ni ya mbao!

Akarudishwa kwao mgonjwa. Nishani alipewa, ila hakupewa tena kikosi cha kuongoza vitani. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Na Götzen? Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine grisi nzito zisioze. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi majini kubeba abiria. Ndiyo hiyo hiyo Liemba mnayoijua.