Kabla ulipie Pro, uliza wametoa nini

Juzi nilisimama kwa kaunta ya duka moja Luthuli Avenue karibu saa nzima. Mbele yangu kulikuwa na boksi mbili: PS5 ya kawaida, ile ya kuweka CD, na PS5 Pro. Pesa nilikuwa nayo. Nimeichanga karibu miaka miwili kwa kazi za kuhariri video za watu, harusi, ruracio, nyimbo za wasanii ambao bado hawajulikani. Tofauti ya bei kati ya hizo boksi ilitosha kodi ya bedsitter miezi kadhaa. Muuzaji akaniambia, "Boss, chukua Pro. Hiyo nyingine itapitwa na wakati." Nikamwambia wacha nifikirie, nikatoka.

Usiku huo sikutazama video za watu wakifungua maboksi. Nilirudi nyuma kwa historia. Hili swali si la leo. Kampuni za gemu zimekuwa zikituwekea boksi mbili mezani tangu kabla nizaliwe, moja ya wananchi na nyingine ya wenye nazo, na kila mara muuzaji husema maneno yale yale. Kumbe majibu yapo. Ni vile hatuyatafuti.

Tuanze 1991. Kuna kampuni ya Japani inaitwa SNK, ilikuwa inatengeneza zile mashine kubwa za gemu za kumbi za michezo, za kutumbukiza sarafu. Ikaamua kuuza uwezo uleule kwa matumizi ya nyumbani, kwa jina la Neo Geo AES. Haikuwa nakala dhaifu. Gemu uliyocheza ukumbini ndiyo hiyo hiyo uliyocheza sebuleni. Marekani iliuzwa kwa vifurushi viwili. Kifurushi cha Silver kilikuwa dola 399.99, padi moja na hakuna gemu. Cha Gold kilikuwa dola 649.99, padi mbili na gemu moja ndani. Halafu ukitaka gemu nyingine, katriji moja ilikuwa karibu dola 200.

Mwaka huohuo Super Nintendo iliingia Marekani kwa dola 199. Yaani gemu moja ya Neo Geo ilikuwa bei ya konsoli nzima ya Nintendo. Unajua ni ipi ilishinda. Super Nintendo iliuza milioni 49 duniani. Neo Geo ilibaki kitu cha wachache, kizuri sana, kinachopendwa na wakusanyaji hadi leo, lakini si kitu ambacho ungekikuta kwa jirani.

Kwa konsoli za mkononi ilikuwa hivyo hivyo. Game Boy ya 1989 ilikuwa na skrini isiyo na rangi, ya kijani kibichi hivi, dola 89.99. Sega wakaja na Game Gear, ina rangi, ina taa ndani ya skrini, dola 149.99. Ukiziweka pamoja hungeamini zimetoka kipindi kimoja. Lakini Game Gear ilikula betri 6 ndani ya saa 3 hadi 5. Game Boy ilitumia betri 4 na kukaa nazo zaidi ya saa 10. Ukiunganisha Game Boy na ndugu yake Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia karibu milioni 10.

Hapo kuna somo la kwanza. Watengenezaji wa gemu hawafuati mashine yenye nguvu, wanafuata watu. Watu wakijaa kwa mashine ya bei nafuu, gemu zinaenda huko, na mwenye mashine ya bei kali anabaki kuwaonyesha wageni.

Hata sisi tuliliishi hilo somo bila kujua. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Mimi niliikuta kwa PS ya mtaa wetu nikiwa shule ya msingi, chumba cha mabati, benchi moja, TV ya mgongo, jamaa wa kukusanya pesa amekaa mlangoni. Mwaka 2013, PS4 ilipokuwa inaingia sokoni, FIFA 14 ilitoka kwa PS4 na pia kwa PS2. Miaka 13 baadaye! Wenye mashine ya zamani walikuwa zaidi ya milioni 150 duniani, na hakuna mfanyabiashara anayetupa watu wengi hivyo. Kwa hivyo mtu akikuambia konsoli ya kawaida "itapitwa na wakati", muulize itapitwa na nani. Hata FC 25 ya mwaka 2024 ilitoka kwa PS4.

Basi jibu ni rahisi, nunua ya kawaida uende nyumbani? Hapana. Na hapa ndipo nilibadilisha mawazo usiku ule, kwa sababu kuna historia ya pili.

Novemba 2005 Microsoft walileta Xbox 360 kwa bei mbili. Moja iliitwa Core, dola 299.99. Nyingine, ambayo watu waliita Premium, ilikuwa dola 399.99. Nguvu ilikuwa ileile kabisa, picha zilezile. Tofauti ilikuwa kwa vitu walivyotoa. Core haikuwa na diski kuu ya kuhifadhi. Padi yake ilikuwa ya waya. Ukinunua Core ukaenda nayo nyumbani, ulicheza usiku mzima, ukazima, na kila kitu kikapotea, mpaka ununue kadi ya memori kando. Hungeweza pia kucheza gemu za Xbox ya kwanza, kwa sababu zilihitaji ile diski.

Sasa piga hesabu. Diski kuu iliuzwa kando kwa dola 99.99. Ongeza kwa bei ya Core, unapata dola 399.98. Umeokoa senti moja! Na bado padi yako ina waya, na huna zile spika za masikioni zilizokuja na Premium. Maskini ndiye aliyelipa zaidi. Mwaka 2007 Core ikaondolewa sokoni.

Sony nao wakafanya hivyo na PS3 mwaka 2006: ya GB 20 kwa dola 499, ya GB 60 kwa dola 599. Diski ungeweza kubadilisha mwenyewe baadaye ukaweka kubwa. Lakini ile ya bei ya chini haikuwa na waifai wala nafasi za kadi za kamera, na hivyo huwezi kurudisha ndani kwa bisibisi. Aprili 2007, miezi mitano tu baada ya kuingia, Sony wakaacha kuiuza Amerika Kaskazini kwa sababu wateja na maduka walitaka ya GB 60. Nintendo hawakujifunza. Mwaka 2012 walileta Wii U ya GB 8 na ya GB 32, tofauti ya dola 50, na kwa ile ya GB 8 sehemu kubwa ya nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mfumo wenyewe.

Ukiweka hizi hadithi kando kwa kando unaona kitu. Kuna aina mbili za "kawaida na Pro". Kuna wakati unalipia nguvu ya ziada, na hapo mwenye ya kawaida hapotezi chochote cha maana, kwa sababu gemu zinafuata umati. Na kuna wakati ya kawaida imekatwa kiungo, na hapo utakuja kulipia hicho kiungo baadaye, kwa bei ya juu zaidi. Swali la maana si "ipi ina nguvu?" Ni "wametoa nini?"

PS4 Pro ya 2016 ilikuwa aina ya kwanza. Ilikuwa dola 399 wakati ya kawaida ilikuwa dola 299, na nguvu yake ya kuchora picha ilikuwa zaidi ya mara mbili. Lakini Sony walisema wazi kwamba gemu zote lazima zicheze kwa PS4 zote. Mwaka uliofuata walisema kati ya kila PS4 tano zilizokuwa zikiuzwa, moja ndiyo ilikuwa Pro. Wanne kati ya watano walikaa na ya kawaida na hawakukosa gemu hata moja.

Sitaki kudanganya kwamba bei ya chini haina shida kamwe. Xbox Series S ya 2020 ilikuwa dola 299 wakati kaka yake Series X alikuwa dola 499, na memori yake ilipunguzwa kutoka GB 16 hadi GB 10. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika kwa Xbox, kwa sababu Series S ilishindwa na ile njia ya watu wawili kucheza kwa skrini moja iliyogawanywa. Mwishowe gemu ilitoka Desemba, na kwa Series S njia hiyo ikaachwa nje. Kumbuka hilo: kilichokatwa ni kucheza na mwenzako aliyekaa kando yako. Hata memori ni kiungo.

Sasa turudi kwa ile kaunta ya Luthuli.

PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99. Nafasi ni TB 2, na Sony wenyewe walisema inachora picha kwa kasi ya hadi asilimia 45 zaidi. Ni mashine kali, sibishani. Lakini nilipouliza lile swali langu, wametoa nini, nilishtuka. Wametoa mahali pa kuweka CD! Ukiitaka, unanunua kando; Pro ilipotoka ilikuwa dola 79.99. Hata kile kistendi cha kuisimamisha wima unanunua kando. Miaka yote ya nyuma, waliyekuwa wakimkata kiungo ni mnunuzi wa bei ya chini. Safari hii, boksi lenye jina kubwa na bei kubwa ndilo limekatwa, na PS5 ya kawaida, iliyokuwa dola 499 Pro ilipotoka, ndiyo yenye mahali pa CD.

Labda uko mahali ambapo CD haina maana kwako. Kwetu ina maana sana. CD ni mali. Unanunua ya mtu aliyemaliza, unacheza mwezi mmoja, unabadilishana na mwenzako, unaongeza mia chache unapata nyingine. Ukikwama mwisho wa mwezi unaiuza. Kuna vijana wanaishi kwa hiyo biashara pale town. Gemu ya kupakua haina hayo yote: imefungwa kwa akaunti yako, huwezi kuiuza, huwezi kumwazima binamu yako aende nayo ushago. Na gemu nyingine siku hizi zinapita GB 100, kwa hivyo kabla hujacheza unalipa mtandao kwanza. Wengi ninaowajua hata akaunti zao ni za nchi nyingine, wanazijaza kwa kadi za zawadi za kununua kwa watu. Mkono wa kampuni ukiwa ndio mlango pekee wa gemu zako, bei inapangwa na mmoja tu.

Ndiyo maana naona hili ni zaidi ya picha kung'aa. Kila kizazi tunazoeshwa kuacha kitu kidogo, na kitu hicho huanza kuonekana kama nyongeza ya kununua kando. Mwaka 2005 ilikuwa mahali pa kuhifadhi. Leo ni haki ya kuuza ulichonunua. Tukinunua Pro tukishangilia bila kuuliza, mashine ijayo haitakuwa hata na hiyo nafasi ya kuongeza.

Kama una TV kubwa ya 4K, una faiba nyumbani, na kwa miaka sasa hununui CD, chukua Pro na usimwogope mtu. Umelipia nguvu na utaiona. Mimi TV yangu ni ya inchi 32, haina hiyo 4K. Sehemu kubwa ya kile ningelipia ingekuwa ndani ya boksi, haijawahi kutoka kuniona.

Nilirudi dukani Jumamosi. Muuzaji alinikumbuka, akatabasamu, akaanza kushika Pro. Nikamwonyesha ile nyingine, nikamwambia afungue nione mahali pa CD kwanza. Pesa iliyobaki nilinunua padi ya pili, CD mbili zilizotumika, na nyingine nikairudisha kwa akiba.

Padi ya pili nimempa kaka yangu mdogo. Jana alinichapa tatu moja, na hakuuliza hata mara moja kama hii PS ni Pro.