Kukosa usingizi kunavyoathiri afya ya akili

Saa tisa usiku feri ya Likoni bado inavusha watu. Bandarini Kilindini makontena yanashushwa, na viwandani Changamwe wafanyakazi wa zamu ya usiku wako kazini. Kwa wengi wao, usingizi ndio hupunguzwa kwanza maisha yakibana. Akili ndiyo hulipia.

Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa nane hadi kumi. Asiyelala vya kutosha hukasirika upesi, husahau, na mambo madogo humlemea. Hali hiyo ikidumu, hatari ya kupata sonona, yaani huzuni isiyoisha, huongezeka.

Zamani kukosa usingizi kulionekana kuwa dalili tu ya matatizo ya akili. Sasa inajulikana kuwa huchangia kuyaleta. Mwaka 2021, watafiti wa Uingereza walichambua majaribio 65 yaliyohusisha zaidi ya watu 8,600. Waliosaidiwa kulala vizuri walipata nafuu ya sonona na wasiwasi, na kadiri usingizi ulivyoboreka ndivyo nafuu ilivyozidi.

Hapa Pwani kuna pia muguka, ambao kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku Mei 2024 kabla ya mahakama kusimamisha agizo hilo. Majani hayo yana kathinoni, kemikali inayosisimua ubongo. Anayetafuna ili akeshe hulala kwa shida, huamka amechoka, kisha hutafuna tena. Wengine hukimbilia vidonge vya usingizi bila kumuona daktari, na baadhi ya vidonge hivyo huleta uraibu.

La kufanya ni lipi? Amka saa ile ile kila siku. Epuka kahawa, chai ya rangi na muguka saa sita au zaidi kabla ya kulala, na uweke simu mbali na kitanda. Ukitoka zamu ya usiku, ziba dirisha kwa pazia zito na uwaombe wa nyumbani wakupe utulivu.

Ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, muone daktari. Tiba ya kwanza inayopendekezwa ni mazungumzo na mtaalamu ya kubadili mawazo na mazoea ya kulala, si vidonge. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina huduma za afya ya akili. Lakini ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usihesabu wiki wala miezi: mwambie mtu wako wa karibu, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.