Zoonosi na kazi ya neno "kati"

Barabara ya Makutano kwenda Mugumu hupita Natta, wilayani Serengeti, mahali ambapo ng'ombe, mbwa, nyumbu na watu huishi kwa kukaribiana mno. Kijiji cha Natta-Mbiso kimo katika hifadhi ya wanyamapori ya jamii ya Ikona, jina lililounganishwa kutoka Ikoma na Natta. Daktari wa mifugo anayefanya kazi huko hushughulika na zoonosi, alijue neno hilo au asilijue.

Istilahi hiyo ina asili ya Kigiriki: zoon ni mnyama, nosos ni ugonjwa. Kwa Kiswahili huelezwa kwa kirefu: magonjwa yanayoambukiza kati ya wanyama na binadamu. Mara nyingi hufupishwa kuwa "magonjwa ya wanyama yanayoambukiza binadamu", na hapo ndipo nusu ya maana inapopotea. Mwaka 2006 sokwe wa Milima ya Mahale waliugua mapafu na baadhi wakafa. Watafiti walikuta virusi vya aina inayowaugulisha binadamu. Wageni wanaokwenda kuwaona huvaa barakoa kwa ajili ya usalama wa sokwe. Neno "kati" halina budi kubaki, hata likirefusha sentensi.

Lakini "kati" halituambii ugonjwa unatunzwa wapi, na swali hilo ndilo lililoleta watafiti Serengeti. Sarah Cleaveland, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, alianza kuchunguza kichaa cha mbwa huko katika miaka ya 1990. Bweha na fisi nao huupata ugonjwa huu, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba mwituni ndiko unakoanzia. Mwaka 2008, Tiziana Lembo na wenzake walichapisha ushahidi unaoonyesha kwamba mbwa wa vijijini ndio wanaouendeleza, na wanyamapori huambukizwa kutoka kwao. Jina la Kiswahili lilikuwa limemtaja mhusika tangu zamani.

Jibu hilo lilibadili mpango wa kazi. Mtu aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha huchanjwa haraka, kwa kuwa dalili zikishaanza ugonjwa huua karibu kila anayeupata. Hata hivyo, chanjo hiyo humwokoa yeye peke yake, na mbwa wanaendelea kuambukizana. Kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu zaidi, kwa hiyo kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunatosha kuukata mnyororo. Yule anayepiga sindano mbwa chini ya mwembe anafanya afya ya jamii kwa maana yake halisi, na ninasikitika kwamba kazi yake huhesabiwa kuwa ya mifugo tu.

Ugumu uliokuwepo ni baridi: chanjo ilihitaji friji, na vijiji vingi havina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya mbwa iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi bado inafanya kazi. Mtanzania Ahmed Lugelo, naye daktari wa mifugo, aliendeleza hoja hiyo kwa chombo cha kupoozea kisichotumia umeme, kilichotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana nchini, ili chanjo ikae kijijini kwenyewe.

Upande wa hospitali ndio uliochelewa. Uchunguzi wa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008 uligundua kwamba malaria ilikuwa chanzo kwa asilimia 1.6 tu, ingawa zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa nayo. Zoonosi za bakteria, ikiwemo brusela inayotupisha ng'ombe mimba, zilikuwa nyingi kuliko hiyo mara kadhaa. Mganga wa zahanati ya Natta anayepokea mfugaji mwenye homa isiyoisha amuulize pia kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa, na kama juzi alimzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu.