Skafu Inayolala Vizuri Shingoni Ilianzia Kwenye Sumu

Umewahi kumaliza skafu ya kroshia, kazi safi kabisa, halafu ukaivaa ikasimama shingoni kama ubao? Usiilaumu mikono yako. Mara nyingi kosa ni la uzi.

Kroshia hufunga tundu juu ya tundu, kwa hiyo kitambaa chake hutoka kinene. Ili kilale, kinataka uzi mwembamba, unaoteleza, wenye uzito kidogo na usiorudi kama springi. Sufu ina mawimbi yake ya asili na akriliki ni nyepesi. Zote hupenda kujaa na kusimama. Hariri hulala vizuri, ila bei yake si mchezo.

Ndiyo maana wanakemia wa karne ya 19 waliitafuta hariri ya kiwandani. Mfaransa Hilaire de Chardonnet alionyesha ya kwake Paris mwaka 1889, lakini ilishika moto upesi mno. Mwaka 1892 Waingereza Cross, Bevan na Beadle wakasajili uvumbuzi wa viskosi. Unachukua rojo la mbao, unaliloweka kwenye soda kali, unalichanganya na kaboni daisalfaidi, kisha unalisukuma kwenye vitundu vidogo ndani ya asidi. Kinachotoka ni uzi. Kampuni ya Courtaulds ilianza kuuzalisha Coventry mwaka 1905, na mwaka 1924 Wamarekani wakaupa jina la reyoni.

Shida ilikuwa hiyo kaboni daisalfaidi. Mvuke wake hushambulia neva na ubongo: miguu inakufa ganzi, usingizi unapotea, wengine wanarukwa na akili. Na usidhani hakuna aliyejua. Daktari Auguste Delpech wa Paris alikuwa ameyaeleza madhara hayo kwa wafanyakazi wa mpira mwaka 1856, miaka 36 kabla ya viskosi kusajiliwa. Hata hivyo wafanyakazi wa viskosi waliendelea kuuvuta mvuke huo kwa miongo mingi.

Hadithi hii inakuhusu unaposimama dukani leo. Uzi mwingi ulioandikwa "mianzi" ni viskosi ileile, tofauti ni mmea tu. Mwaka 2009 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani (FTC) iliwachukulia hatua wauzaji waliouza reyoni kwa jina la mianzi. Ukitaka mlalo uleule bila kaboni daisalfaidi, tafuta laioseli: nayo hutokana na mbao, lakini kiyeyushi chake hurudishwa karibu chote na kutumika tena.

Kabla hujanunua mabunda matano, nunua moja. Fuma kipande cha mraba kwa sindano kubwa kidogo kuliko iliyoandikwa kwenye lebo, kioshe, kikauke, kisha kiweke juu ya ngumi yako. Kikianguka pande zote, umepata uzi. Kikisimama kama mwavuli, hiyo ni kofia, siyo skafu.