Mtoro mbele ya sheria

Taifa la Mungu, neno “mtoro” siku hizi twampa mtoto anayekwepa shule. Zamani, katika pwani hii ya Saadani na Bagamoyo, lilikuwa neno zito: mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, Hammurabi, mfalme wa Babeli, alichongesha sheria zake juu ya nguzo ya jiwe jeusi, iliyohifadhiwa sasa katika jumba la Louvre, Paris. Si haki kuzidharau. Mke au mtoto aliyetolewa kulipia deni alitumika miaka mitatu tu. Wa nne akaachiwa. Lakini aliyemficha mtoro nyumbani mwake aliuawa, na aliyemrudisha alilipwa shekeli mbili za fedha. Babeli ilikuwa nchi ya mashamba, mahekalu na wafanyabiashara. Mtumwa alitajwa pamoja na ng'ombe na punda, na sheria ikalinda mali.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Sheria, sura ya 23. Waisraeli nao walikuwa na watumwa, tusijidanganye. Hata hivyo wanaamriwa wasimrudishe mtumwa aliyewakimbilia; akae kati yao mahali apendapo. Wao wenyewe, walipotoka Misri, walikuwa nini kama si watoro? Katekista anayebishiwa hodi usiku na mtumishi wa nyumbani aliyekimbia kipigo, na asubuhi mwajiri akaja kumdai, aisome sura hiyo kabla ya kujibu.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakakomboa watumwa kwa fedha. Kununua hakukumuudhi bwana yeyote. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Aliyekwisha kuwa mtumwa akabaki mtumwa. Kumpokea mtoro lilikuwa jambo jingine. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro walijaa katika misheni ya Waanglikana, na mwaka 1888 mabwana wakawadai. Kampuni ya Waingereza ikalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fidia, angalieni, ilikwenda kwa mabwana, si kwa waliolima bure.

Huku Tanganyika Wajerumani walitawala bila kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza.