Starka ya Poland: Pipa dogo, mbao na subira

Starka ni pombe kali itokanayo na nafaka ya rai, inayokomazwa katika mapipa ya mwaloni. Asili yake ni Poland na Lithuania, na jina lake latokana na neno lenye maana ya kitu cha zamani.

Kwa mujibu wa mapokeo, kabaila aliyepata mtoto alichukua pombe iliyokenekwa nyumbani kwake, akaijaza katika pipa lililowahi kuhifadhi mvinyo, akaliziba kwa nta na kulifukia ardhini. Pipa hilo lilifukuliwa siku ya harusi ya mtoto huyo. Katika zama zetu starka hutengenezwa viwandani, na nchini Poland imehusishwa zaidi na mji wa Szczecin, karibu na mpaka wa Ujerumani.

Pombe inapotoka kwenye mtambo haina rangi. Rangi ya kahawia, harufu inayofanana na vanila na ladha ya ukakasi hutoka katika mbao, hasa zilizobanikwa kwa moto. Wakati huohuo hewa hupenya polepole na sehemu ya kinywaji hugeuka mvuke.

Wanaokomaza pombe nyumbani hutumia mapipa ya lita chache, au mitungi ya kioo iliyotiwa vipande vya mwaloni. Udogo wa chombo hubadili mambo: katika pipa la lita 5, kila lita hugusa mbao zaidi ya mara 3 ya inavyogusa katika pipa la lita 200 lenye umbo lilelile. Hivyo rangi hukolea upesi, lakini ukakasi nao huzidi na kinywaji hupungua haraka. Muda wa hewa kufanya kazi yake haufupishwi na mbao nyingi.

Sheria ya Poland inakataza kukeneka pombe bila kibali, hata kwa matumizi binafsi. Hata hivyo, katika eneo la Łącko, kusini mwa nchi hiyo, pombe ya plamu iitwayo śliwowica imeendelea kupikwa majumbani na kuwa fahari ya wenyeji. Kutia mbao katika pombe iliyonunuliwa kihalali ni jambo tofauti na kuikeneka.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli, ambayo huweza kupofusha na kuua. Mwaka 2012, katika Jamhuri ya Czech, makumi ya watu walifariki baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na kemikali hiyo, na mwezi Septemba serikali ikapiga marufuku kwa muda uuzaji wa vinywaji vyenye kilevi cha zaidi ya asilimia 20. Mbao haziondoi methanoli, wala ulimi hauwezi kuitambua. Rangi nzuri ya kahawia huonyesha tu kwamba kinywaji kimegusa mbao. Haithibitishi kuwa ni salama.