Mcheza gemu wa kulipwa

Kiswahili cha viwanjani kina jozi ya siku nyingi: mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Wa ridhaa hucheza kwa mapenzi yake na riziki anaitafuta kwingine. Wa kulipwa ana mkataba, na uwanja ndio kazini kwake. Jozi hiyo inatosha kabisa kwa gemu za ushindani. Anayeshinda zawadi ya fedha mara mojamoja bado ni wa ridhaa. Anayerusha uchezaji wake mtandaoni, akalipwa kwa matangazo, yumo katika burudani. Wa kulipwa ni aliyesajiliwa, kama Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, aliposajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 kucheza gemu ya Tekken 7.

Maisha ya mchezaji wa kulipwa ni ya mshahara, kocha, mazoezi ya kutwa na muda mfupi kileleni. Lee Sang-hyeok wa Korea Kusini, maarufu kama Faker, alianza na klabu ya SK Telecom T1 mwaka 2013 akiwa na miaka 16, akatwaa ubingwa wa dunia wa gemu ya League of Legends mwaka huohuo. Mwaka 2024 aliutwaa tena na klabu ileile, ambayo sasa huitwa T1. Ni wachache mno wanaodumu hivyo. Hata yeye, mwaka 2023, maumivu ya mkono yalimweka nje kwa wiki kadhaa.

Wako wanaopenda kusema "mtaalamu" au "mahiri". Mimi nashikilia "wa kulipwa", kwa sababu papo hapo mtu huuliza: analipwa na nani? Soka halina mwenyewe. Klabu ikifilisika, mchezaji hutafuta nyingine, na mpira ni uleule. Gemu ina mwenyewe. Riot Games ndiyo inayomiliki League of Legends, na mara kwa mara hubadilisha nguvu za wahusika wake, hata mbinu za msimu uliopita zikapitwa. Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba ligi ya gemu yake ya Heroes of the Storm haitarudi mwaka 2019. Wachezaji wengi walisikia habari hiyo pamoja na mashabiki. Hawakuwa wameumia wala kushuka kiwango, lakini ajira ilikuwa imekwisha.

Ndiyo maana ningependa wahariri waitaje na gemu yenyewe: mcheza Tekken wa kulipwa, mcheza Dota wa kulipwa. Aliyepoteza ligi ya moja hahamii nyingine ndani ya wiki moja. Mara nyingi huanza upya, katika ridhaa.